Jirani shabiki wa Calgary kanipa mkono wa pole, asubuhi nakuta kipira cha gofu mlangoni. Ni uungwana au dharau?

#1 Mmanyema wa Edmonton
Wakuu, salaam. Nina miaka 9 Edmonton na hoki nimeianza kwa sababu ya baridi tu. Januari huku hakuna pa kwenda, unakaa na watoto mbele ya TV, mwishowe unajikuta unamgombeza refa.

Jana, 17 Juni 2025, Florida wametumaliza mechi ya 6 ya fainali ya Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL, ligi kuu ya hoki huku, 5-1. Sam Reinhart peke yake goli 4. Mwaka wa pili mfululizo, watu wale wale. Mwaka jana angalau tulitoka mechi 0-3 tukafika 3-3, tukafia mechi ya 7 kwa 2-1. Safari hii hata hiyo raha ya kuteseka vizuri hatukuipata.

King'ora cha mwisho kikalia, wachezaji wakapanga mistari miwili, wakapeana mikono mmoja mmoja. Watu ambao muda mfupi tu nyuma walikuwa wanasuguana nyuso kwa glovu! Nikiwa bado nashangaa, mlango ukagongwa. Jirani yangu, mzaliwa wa Calgary, mwenye bendera ya Flames, timu ya Calgary, mahasimu wetu, barazani mwaka mzima. Kavua kofia, kanipa mkono, kaniambia pole, mmejitahidi. Nikaguswa. Mke wangu akamfungia na vipande vya mkate wa kumimina.

Leo alfajiri natoka kwenda kazini, juu ya zulia la mlangoni kuna kipira cha gofu. Kimoja. Kimeandikwa kwa wino: 2025. Mimi sichezi gofu. Mke wangu anasema kilimdondoka. Kilimdondoka kikiwa na mwaka?

Wajuzi nisaidieni. Na hiyo mikono wanayopeana barafuni ni uungwana kweli au maigizo?

#2 Kijana wa Scarborough
😂😂😂 Mkuu umepigwa dongo na wewe ukalipa mkate.

Timu ikitolewa huku wanasema "wameenda gofu", maana msimu umeisha na wachezaji hawana kazi nyingine zaidi ya gofu. Kipira ni cheti chako cha kuaga mashindano.

#3 Mmanyema wa Edmonton
#2 Eti nini?? Na mkate tulitia hiliki ya kutosha.

#4 Bibi Hoki (Ottawa)
Huyo wa Scarborough ndiye bingwa wa gofu duniani, shabiki wa Toronto. Kombe la mwisho 1967. Mwaka huu mechi ya 7, nyumbani kwao, Florida hao hao, 6-1. Kijana, gongo la gofu unalo au nikuazime?

#5 Kijana wa Scarborough
Dada, Ottawa mwaka huu mmetolewa na nani raundi ya kwanza? Nisaidie jina, nimelisahau.

#6 Bibi Hoki (Ottawa)
Toronto. Ndiyo. Tuendelee na mada.

#7 Mzee Kipima Joto
Mleta mada, nikujibu swali la mikono. Mimi nipo Montreal tangu 1991, kombe letu la 25 nililiona kwa macho, 1993. Wale watu huwa wanapeana mikono kila mechi, ni desturi ya zamani. Unapigana na adui, vita ikiisha unamheshimu. Hakuna unafiki hapo.

#8 Takwimu Kwanza
Shikamoo mzee. Marekebisho mawili kwa heshima. Montreal wana makombe 24, na la 1993 ndilo la 24. Moja kati ya hayo ni la 1916, NHL yenyewe ikiwa bado haijazaliwa (ilianza 1917). La pili, hawapeani mikono kila mechi. Ni mwisho wa mfululizo wa mtoano tu, timu moja ikishatolewa. Zile mechi 82 za msimu wa kawaida wanamaliza na kwenda zao kuoga.

#9 Mzee Kipima Joto
Marahaba. Hilo la 25 ni la imani.

#10 Opiyo wa Minneapolis
Mimi sioni ajabu. Hiyo ni hesabu ya biashara. Mchezaji leo yupo Edmonton, kesho kauzwa. Gretzky mwenyewe, mfalme wa Edmonton, 9 Agosti 1988 akapelekwa Los Angeles na mji mzima ukalia. Sasa ukimtemea mtu mate leo halafu kesho mnabadilishia nguo chumba kimoja, itakuwaje? Wanapeana mikono kwa sababu hawajui kesho watalala wapi.

Na kwa taarifa yenu Kombe la Stanley limeshabebwa na mtoto wetu. Johnny Oduya, beki, mama Mswidi, baba Mkenya, Mjaluo. Chicago 2013 na 2015. Mara mbili, sio mara moja.

#11 Wa Tanga Mkwakwani
Wajaluo bwana. Mlianza na Obama, sasa mpo kwenye barafu.

#12 Opiyo wa Minneapolis
#11 Na bado. Tunaendelea kuhesabu.

#13 Nahodha Mstaafu
Samahani wanajamvi, nilidhani uzi ni wa mpira wa magongo nikaja mbio. Hoki ninayoijua mimi ni ya City Park, Nairobi. Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, Kenya nafasi ya 4! Avtar Singh Sohal alikuwa beki, huwezi kumpita bila kuomba ruhusa. Huko hakukuwa na ngumi. Mtu alikuwa akikugonga kifundo cha mguu kwa gongo anakuomba msamaha kabla hujalia.

Watanzania msijitie. Moscow 1980 India waliwafunga 18-0.

#14 Wa Tanga Mkwakwani
#13 Tulifungwa kwa sababu tulikwenda. Nyinyi 1980 mlisusia Olimpiki, mkabaki nyumbani mnasikiliza redio. Aliyebaki nyumbani hafungwi.

#15 Nahodha Mstaafu
Hapo umenipiga chenga. Nakaa pembeni na chai.

#16 Mfagizi wa Barafu
Naomba niseme kitu, maana nyote mnaongea ya kwenye TV. Mimi nafanya kazi kwenye uwanja wa barafu wa manispaa, mkoa wa Ontario, mji siutaji. Naendesha lile gari la kulainisha barafu na usiku napiga deki vyumba vya kubadilishia nguo. Aliyewahi kunusa begi la glovu za hoki zilizolowa jasho siku tatu ananielewa. Kama dagaa waliosahauliwa kwenye gunia.

Nimeona mistari ya kupeana mikono ya watoto wa miaka 11 mamia ya mara. Machi hii nilikuwa nimesimama mlangoni na gari langu linanguruma, nasubiri watoke nilainishe. Timu iliyofungwa ina mtoto mmoja mwembamba, namba 8. Kavua glovu ya kulia, kageuka kama anakohoa, katema mate kiganjani, kafumba ngumi. Kisha kaingia kwenye mstari: mchezo mzuri, mchezo mzuri, mchezo mzuri. Anawapaka wote. Kufika kwa yule aliyewafunga goli la mwisho, yule kampa mkono, kausikia umeloa, kaangalia kiganja chake, halafu akacheka. Akaufuta mkono kwenye jezi ya namba 8. Wakaondoka wote wawili wanacheka.

Dakika hiyo hiyo jukwaani baba wa mmoja wao anamtukana refa, binti wa miaka kama 15, matusi ya nguoni. Nikazima gari nikasimama mbele yake mpaka binti akapita. Siku iliyofuata mimi ndiye niliyeitwa ofisini, eti nimechelewesha ratiba ya barafu.

Sasa niambieni uungwana ulikuwa wapi hapo.

#17 Bibi Hoki (Ottawa)
#16 Kaka, Mungu akulipe. Wangu anacheza timu ya wasichana na marefa watoto wanaacha kazi kila msimu kwa sababu ya wazazi. Ukitaka kumjua mtu, mkalishe jukwaani mwanawe akiwa na gongo.

#18 Mwanasheria Feki
Nakuja na nadharia nyingine, msinipige. Zile ngumi zenyewe ndiyo sababu ya mikono. Mpirani mtu anakuvuta jezi dakika 90, refa haoni, chuki unakwenda nayo nyumbani. Kwenye hoki ukikosewa mnatupa glovu chini, mnazichapa, mmoja akianguka marefa wanaingia, kila mtu dakika 5 kwenye kibanda cha adhabu. Deni limelipwa. Mkono wa mwisho ni risiti.

Angalia 15 Februari mwaka huu, mashindano ya mataifa manne, Marekani na Kanada, Montreal. Mapigano matatu ndani ya sekunde 9 za kwanza! Siku tano baadaye wakakutana fainali Boston, hakuna aliyerusha ngumi, wakacheza hoki safi, McDavid wa Edmonton, akiichezea Kanada, akamaliza muda wa nyongeza 3-2.

#19 Takwimu Kwanza
#18 Nadharia nzuri, ina tundu moja. Detroit na Colorado. Mei 1996 Claude Lemieux wa Colorado alimpiga Kris Draper kwa nyuma akamgongesha uso kwenye ukuta, taya likavunjika. Mfululizo ukaisha, mikono wakapeana kama kawaida. Baada ya pale ndipo Detroit wakamwona Draper uso ulivyo. Dino Ciccarelli akasema hadharani haamini kwamba alimshika mkono yule mtu. Kwa hiyo mkono ulitolewa na deni halikulipwa. Lilikaa miezi kumi, mpaka 26 Machi 1997, Darren McCarty akamshukia Lemieux kwa ngumi, damu kwenye barafu, mpaka makipa Vernon na Roy wakatoka golini wakazichapa katikati ya uwanja. Na McCarty huyo huyo akafunga goli la ushindi, 6-5.

Mkono ulikuwa risiti ya nini hapo?

#20 Mwanasheria Feki
Risiti bandia. Zipo.

#21 Wa Tanga Mkwakwani
Ngoja, Detroit si ndio wanaotupa pweza uwanjani? Au nilidanganywa?

#22 Takwimu Kwanza
Hukudanganywa. 1952 ndugu wawili wenye duka la samaki walimrusha pweza kwenye barafu. Zamani zile kombe lilihitaji ushindi wa mechi 8 na pweza ana mikono minane. Detroit wakashinda zote nane bila kupoteza. Tangu hapo imekuwa mila. Florida nao wana panya, wa plastiki. 1995 mchezaji wao Scott Mellanby aliua panya chumbani kwa gongo kabla ya mechi, akatoka akafunga goli mbili.

#23 Wa Tanga Mkwakwani
Panya sina ugomvi naye. Lakini pweza! Pweza mzima, anatupwa, anazolewa na koleo! Huku ukipata pweza wa kilo mbili nyumba nzima inajua, supu yake ina wateja wake kabla jua halijazama. Wapeleke ombi, badala ya kutupa waweke meza pale mlangoni na pilipili.

#24 Nahodha Mstaafu
#23 Na supu yenyewe kwa wachezaji wanaocheza mechi siku moja ndiyo siku moja hapana, nguvu zingeonekana 😂

#25 Mzee Kipima Joto
Turudi kwenye mada vijana. Mleta mada anaishi Edmonton na hajui kisa cha Steve Smith? Hicho ndicho kinachomhusu yeye na jirani yake.

30 Aprili 1986, mechi ya 7, Edmonton wako nyumbani na Calgary, 2-2, kipindi cha tatu. Beki kijana Steve Smith, na ni siku yake ya kuzaliwa, anatoa pasi kutoka nyuma ya goli lake mwenyewe. Paki, kile kisahani cha mpira wanachochezea, inagonga mguu wa kipa wake Grant Fuhr, inaingia. Edmonton waliokuwa wamechukua kombe miaka miwili mfululizo wakatolewa. Kijana alilala kifudifudi kwenye barafu analia.

Mwaka uliofuata Edmonton wakachukua kombe tena. Gretzky kama nahodha akapewa, akalinyanyua, na mtu wa kwanza aliyempa alikuwa Steve Smith. Mimi ni wa Montreal, Edmonton siwapendi, lakini picha ile kila nikiiona nanyamaza.

Na Fuhr ndiye mchezaji mweusi wa kwanza NHL, mkumbuke.

#26 Takwimu Kwanza
Mzee samahani tena. Fuhr ni mweusi wa kwanza kushinda Kombe la Stanley. Wa kwanza kucheza NHL ni Willie O'Ree, 18 Januari 1958, akiwa Boston, na mechi yenyewe ilichezwa hapo hapo kwenu Montreal. Jicho la kulia lilikuwa halioni, alificha ili wasimzuie.

#27 Mzee Kipima Joto
Wewe kijana mkeo anakuvumilia vipi?

#28 Takwimu Kwanza
Sijaoa.

#29 Kijana wa Scarborough
#28 tumeelewa.

Na Fuhr, kwa taarifa ya mleta mada, ni mgonjwa wa gofu kupita kiasi. Alikuwa anacheza hata katikati ya mtoano. Kwa hiyo gofu kwenu Edmonton ni ibada. Huenda jirani kakubariki.

#30 Bibi Hoki (Ottawa)
Kuhusu hoja ya Opiyo ya kesho kuuzwa, mimi naiunga mkono nusu. Wanawake: Marekani na Kanada ndio mahasimu wa kweli, sio hao wa Edmonton na Calgary. Fainali ya Olimpiki 2018, Marekani wakashinda kwa penalti, Jocelyne Larocque wa Kanada akavishwa fedha shingoni akaivua hapo hapo. Watu wakamshambulia eti hana uanamichezo. Mimi nilimwelewa. Uungwana ni kumheshimu aliyekushinda, haijaandikwa popote kwamba lazima na uchungu wako uufiche.

Sasa hivi kuna ligi ya kulipwa ya wanawake tangu Januari 2024, Wamarekani na Wakanada wamechanganyika timu moja. Wanaweka nguo kabati moja na waliowanyang'anya dhahabu. Halafu ikifika mashindano ya mataifa wanatenganishwa tena. Binti yangu ananiuliza wanawezaje, nami sina jibu.

#31 Mtani wa Songea
Jibu lipo, tena la kwetu. Huu ni UTANI. Mngoni na Msukuma, Mnyamwezi na Mzaramo, hata msibani mtani wako anakuja kulala mbele ya jeneza hadi umpe hela. Haruhusiwi kukasirika wala wewe. Babu zetu walipigana, wakapatana, wakabakisha matusi ya heshima ili vita isirudi. Jirani anakuja na pole ya kweli usiku, asubuhi anakutania. Kama angekuja na pole tu angekuwa mtu baki. Kipira ndicho kinachoonyesha kuwa ni ndugu.

#32 Mwanasheria Feki
#31 Tatizo utani una pande mbili zinazoujua. Mmanyema hakuujua. Ukimtania mtu asiyejua kuwa ni utani hiyo ni dharau yenye bahati.

#33 Opiyo wa Minneapolis
Nyie mnafalsafisha. Mzungu kaona fursa kaitumia, basi.

Swali langu: kuanzia Julai mpaka Oktoba mnaishije? Mimi nakaa kama mtu aliyekimbiwa na mke. Narudia kuangalia mechi ambazo matokeo nayajua.

#34 Bibi Hoki (Ottawa)
Bustani. Nimekodi kiploti cha manispaa, nimepanda mchicha, matembele na maboga kwa ajili ya majani. Wenyeji wanasubiri maboga yakue, wananiona navuna majani wanadhani nimechanganyikiwa.

#35 Mfagizi wa Barafu
Barafu ikiyeyushwa uwanja wetu unakuwa wa sherehe, napanga viti vya harusi. Jumapili navua samaki ziwani. Vijana wa mtaani wanacheza hoki barabarani kwa mpira wa tenisi, gari likija wanabeba goli pembeni, likipita wanarudisha. Hapo hakuna refa na hakuna baba. Sijaona ugomvi.

#36 Takwimu Kwanza
Zamani wachezaji wenyewe kiangazi walikuwa wanatafuta riziki, mishahara ilikuwa midogo. Tim Horton, beki wa Toronto mwenye makombe manne, 1964 akafungua duka la maandazi na kahawa pale Hamilton. Ndiyo hiyo Tim Hortons mnayopanga foleni kila asubuhi. Ken Dryden, kipa wa Montreal, aliacha msimu mzima wa 1973-74 kwa ugomvi wa mkataba, akaenda kufanya uanagenzi wa uwakili, akarudi akadaka tena.

Na ni Tim Hortons hao hao ambao 2018 waliwaleta Kanada vijana wa Kenya Ice Lions, timu ya hoki ya barafu, wale wanaofanyia mazoezi hoteli ya Panari, Mombasa Road. Vijana wamezoea kauwanja kadogo, ghafla Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, mastaa wa NHL, wanaingia chumbani wamevaa jezi ya Ice Lions.

#37 Opiyo wa Minneapolis
Waliokuwa wameshika magongo ni Wakenya. Naomba tu iandikwe.

#38 Wa Tanga Mkwakwani
#37 Imeandikwa. Makombe mawili ya Oduya na jokofu moja la Mombasa Road.

#39 Kijana wa Scarborough
Mleta mada umepotea. Umehama nyumba?

#40 Mmanyema wa Edmonton
Nipo wakuu, nilikuwa kazini, shukrani kwa wote. Nimesoma yote hadi ya pweza.

Baada ya #2 nilikasirika kweli. Halafu nikakaa nikahesabu. Calgary mara ya mwisho kuingia mtoano ni 2022, na tuliowatoa ni sisi, mechi 5, McDavid muda wa nyongeza. Tangu hapo 2023 hawapo, 2024 hawapo, 2025 hawapo. Jana nimepita dukani, nikanunua vipira vitatu. Nikaviandika mwaka mmoja mmoja kwa kalamu ya mwanangu. Saa tano usiku nimenyata kwa soksi nikavipanga barazani kwake, chini ya bendera.

#41 Mtani wa Songea
UTANI UMEKAMILIKA. Mwanasheria njoo huku.

#42 Mwanasheria Feki
Nasubiri hukumu ya jirani.

#43 Bibi Hoki (Ottawa)
Kwa soksi 😂😂 Kaka una kamera ya mlangoni? Yeye anayo?

#44 Mmanyema wa Edmonton
Anayo. Asubuhi hii kaja kunionyesha video. Mimi mzima, na kipara changu, nachuchumaa. Keshawatumia ndugu zake wote Calgary.

Kisha kanirudishia bakuli la mkate, ndani kaweka vile vipira vitatu pamoja na kile cha kwangu, vinne. Anasema Jumamosi saa moja asubuhi tunakwenda kuvitumia, yeye atalipia kiwanja.

Sasa nauliza, maana mke wangu anacheka tu hanisaidii: gofu mtu anavaa viatu gani?

#45 Kijana wa Scarborough
Muulize shabiki yeyote wa Toronto mkuu. Kila mmoja ana jozi mbili.